Pikapu yako imekuwa chongo? Soma hapa kabla hujanunua balbu ya tatu

Saa mbili usiku, barabara ya Mvugwe kuelekea Kibondo. Mbele unaona taa moja inakuja. Akili inakwambia ni bodaboda, kwa hiyo unaiachia nafasi ya bodaboda. Ikifika karibu unakuta ni pikapu nzima, imebeba magunia ya maharage na watu wamekaa juu yake. Taa iliyokufa ni ya kulia kwake, yaani ile ya upande wako.

Gari chongo ni kitu cha kawaida sana Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe, na wengi wanachukulia poa. Balbu ikifa inanunuliwa nyingine. Ikigoma tena, inanunuliwa nyingine. Ya tatu ikigoma, mwenye gari anaamua kuendesha hivyo hivyo na kumwachia Mungu. Kumbe mara nyingi balbu haina kosa lolote. Tatizo liko kwenye waya, na waya hautibiwi kwa balbu mpya.

Makala hii inaeleza namna ya kulitafuta tatizo lenyewe. Sio lazima uwe fundi. Unahitaji testa ya taa (ile yenye ncha kali, balbu ndogo ndani na waya wenye kibanio), na kama unaweza kupata mita ya kupimia volti, bora zaidi.

Kwa nini sasa hivi

Mradi wa lami wa Kabingo hadi Manyovu, wenye kilomita 260.6 na fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, uligawanywa vipande vinne: Manyovu hadi Kasulu, Kanyani hadi Mvugwe, Mvugwe hadi njia panda ya Nduta, na njia panda ya Nduta hadi Kabingo. Lami ni raha, hakuna anayebisha. Ila lami inabadilisha mwendo. Pikapu iliyokuwa inajivuta kwa 40 kwenye vumbi, kwenye lami inakwenda 80 bila dereva kushtuka.

Sasa piga hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukiona ng'ombe barabarani, mpaka mguu ufike kwenye breki umeshatembea mita 22 hadi 33. Kusimama kwenyewe, lami ikiwa kavu na breki zikiwa nzima, kunadai kama mita 35 nyingine. Jumla inazidi 55 na inaweza kukaribia 70. Taa za dimu zikiwa na afya zinamulika vizuri karibu umbali huo huo. Zikiwa zimefifia, ng'ombe unamwona ukiwa umeshachelewa.

Halafu kuna sheria. Taa mbovu ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na trafiki akikuandikia, faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Hela hiyo ingekununulia waya na fyuzi za kutosha.

Moto unatembea duara

Umeme wa gari sio kama maji ya bomba yanayotoka na kumwagika. Unatoka chanya ya betri, unapita kwenye balbu, halafu lazima urudi kwenye hasi ya betri. Njia ya kurudi ndiyo mafundi wanaita bodi, kwa sababu hasi ya betri imefungwa kwenye bodi na chesisi. Chuma chote cha gari kinafanya kazi ya waya mmoja mnene.

Duara likikatika popote, iwe kwenye kwenda au kwenye kurudi, taa inazima. Likibanwa na kutu, taa inawaka lakini inakuwa ya njano kama ya kibatari.

Kwenye pikapu nyingi za zamani njia inakwenda hivi: chanya ya betri, kisha fyuzi kuu iliyo karibu na betri (wakati mwingine ni kipande tu cha waya maalumu, kisichofanana na fyuzi kabisa), kisha rilei, kisha fyuzi ndogo za taa, kisha plagi nyuma ya taa, kisha balbu yenyewe. Swichi ya kwenye usukani ndiyo inachagua dimu au fulu.

Balbu ya kawaida ni ile inayoitwa H4. Ina nyaya mbili nyembamba ndani, moja ya dimu yenye wati 55 na nyingine ya fulu yenye wati 60. Miguu yake ni mitatu: mmoja wa dimu, mmoja wa fulu, na mmoja ambao dimu na fulu zinachangia. Ukumbuke huo mguu wa kuchangia, tutarudi kwake sasa hivi.

Toyota ina tabia yake

Hapa ndo watu wengi wanapotea, wakiwemo mafundi wazuri tu.

Magari mengi yanafanya kitu ambacho akili inakitegemea: swichi inakata na kuruhusu moto. Ukiweka dimu, moto unakwenda mguu wa dimu. Ukiweka fulu, unakwenda mguu wa fulu. Ule mguu wa kuchangia umefungwa kwenye bodi muda wote. Land Rover za zamani ziko hivyo.

Hilux na Land Cruiser nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinafanya kinyume. Ukiwasha taa, moto unakwenda moja kwa moja kwenye mguu wa kuchangia na unakaa pale. Swichi ya usukani haishiki moto, inashika bodi. Ukiweka dimu, inaupa mguu wa dimu njia ya kurudi kwenye bodi. Ukiweka fulu, inaupa mguu wa fulu. Yaani gari linakata bodi badala ya kukata moto.

Fundi asiyejua hili anachukua testa, anabana kwenye bodi, anagusa mguu wa dimu, anaona mambo yasiyoeleweka, anahitimisha kwamba wayaringi wote umekufa. Au anafunga waya mpya kutoka mguu wa kuchangia hadi kwenye chesisi akidhani anaimarisha bodi. Huo mguu una moto. Ukiwasha taa, fyuzi inakufa papo hapo, na kama kuna mtu alishaziba fyuzi kwa waya wa shaba, kinachoungua ni waya wenyewe.

Ndo maana jambo la kwanza, kabla ya kukata chochote, ni kujua gari lako ni la aina gani. Usiamini jina lililoandikwa nyuma. Pikapu za huku zimepita mikono mingi, na kila mkono umeacha waya wake.

Chomoa plagi za taa ZOTE MBILI, kulia na kushoto. Usichomoe moja tu, kwa sababu nyaya za taa hizo zimeungana huko ndani, na balbu iliyobaki itapitisha moto kwa mlango wa nyuma na kukudanganya. Bana testa kwenye chuma kisafi cha bodi. Washa taa, weka dimu, gusa matundu matatu ya plagi moja baada ya jingine. Halafu weka fulu, gusa tena.

Kama tundu lenye moto linahama ukibadili dimu na fulu, gari lako linakata moto. Kama tundu ni lile lile muda wote, gari lako linakata bodi. Kwenye hiyo ya pili hamishia kibanio cha testa kwenye chanya ya betri na urudie: sasa testa itawaka kwenye tundu la dimu ukiweka dimu, na kwenye tundu la fulu ukiweka fulu. Ikiwaka kwa mbali sana kwenye tundu ambalo hulitegemei, usihangaike nalo. Mara nyingi ni moto unaopita kwenye kile kitaa cha bluu cha fulu pale kwenye deshibodi.

Ile taa inayowaka kwa mbali

Kuna dalili moja inawasumbua wenye Hilux na inastahili maelezo yake yenyewe. Umeweka dimu. Taa ya kushoto inawaka vizuri. Ya kulia inawaka kwa mbali, njano, kama inakata roho. Na kitaa cha bluu cha fulu nacho kinaonekana kidogo kwenye deshibodi ingawa hujaweka fulu.

Ukimuuliza mtu yeyote kijiweni atasema bodi ya kulia ni mbovu. Inaonekana kuwa na maana, ila kwenye gari linalokata bodi mara nyingi jibu ni fyuzi. Toyota nyingi zina fyuzi mbili za taa kubwa, moja ya kushoto na moja ya kulia. Ya kulia ikiungua, taa ya kulia haipati moto wake. Lakini kwa kuwa waya wa fulu wa kulia umeungana na wa kushoto, moto unatoka taa ya kushoto, unapita kwenye fulu yake, unavuka hadi fulu ya kulia, unapita kwenye dimu ya kulia, ndo unapata bodi. Nyaya tatu za balbu zinagawana volti 12 za betri moja. Lazima ziwake kwa mbali.

Dawa yake ni fyuzi moja. Ila usiishie kuweka mpya na kuondoka, fyuzi haiungui kwa kujisikia. Ukiweka mpya nayo ikafa, kuna shoti mahali, na hilo ndilo la kutafuta.

Dalili nyingine zinasomeka haraka. Dimu zote mbili zimekufa lakini fulu zinawaka: angalia swichi ya usukani, maana ni vigumu balbu mbili zife siku moja. Taa zote kubwa hazipo kabisa lakini taa ndogo zipo: rilei, fyuzi kuu au waya wake. Taa zinazima ukipiga shimo na kurudi ukipiga jingine: plagi imelegea au waya umekatika ndani ya ngozi yake. Kwenye gari linalokata moto, upande mmoja ukiwa hafifu au indiketa ikipiga taa kubwa nayo inacheza: hapo kweli ni bodi, tafuta ile nati inayofunga waya wa bodi karibu na taa, fungua, sugua mpaka chuma king'ae, paka grisi, funga.

Mita inaweza kukudanganya

Watu wanapima plagi ikiwa imechomolewa, wanaona volti 12, wanasema moto upo. Hapana. Waya wenye uzi mmoja tu wa shaba uliobaki bado utaonyesha 12 kama hakuna kinachovuta. Ukichomeka balbu, ule uzi mmoja hauwezi kubeba mzigo na volti zinaanguka. Dimu mbili za wati 55 zinavuta karibu ampia 9, sio mchezo.

Kwa hiyo pima taa ikiwa INAWAKA. Washa injini, weka mita kwenye volti 20 za DC. Kwanza pima betri yenyewe: injini ikinguruma inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Kama iko 12.3 na injini inazunguka, acha kuhangaika na taa, nenda kwenye oltaneta na mkanda wake.

Betri ikiwa sawa, chomeka ncha nyekundu kwenye chanya ya betri na nyeusi nyuma ya plagi ya taa, kwenye waya unaoleta moto. Namba unayoiona ni volti zinazopotea njiani. Chini ya 0.5 ni sawa. Ikifika 1 au 2, waya, rilei au kiungo fulani kinakula moto wako. Fanya hivyo hivyo upande wa kurudi: mguu wa kurudi wa balbu hadi hasi ya betri. Kwenye gari linalokata bodi njia hiyo inapita kwenye swichi ya usukani, kwa hiyo swichi iliyochoka utaiona hapo.

Volti mbili zinaonekana kitu kidogo. Sio kidogo. Mwanga wa balbu ya aina hii hauanguki sawasawa na volti, unaanguka haraka zaidi. Betri ikiwa na 13.8 na taa ikapata 11.8, unapoteza karibu asilimia 40 ya mwanga. Hiyo ndo taa "nzima" ambayo haioni mbali, na mwenyewe anadhani ni macho yake.

Waya unafia wapi

Hilux ya mwaka 1990 ina zaidi ya miaka 30. Nyaya zake zimekula vumbi jekundu kila kiangazi, zimeoga matope kila masika, na kati ya hapo zimetikiswa kwenye barabara iliyokunjana kama bati. Vumbi la huku ni jepesi, linaingia hadi ndani ya plagi. Mvua ikija linageuka udongo, udongo unashika maji, maji yanaleta kutu.

Anza na plagi zenyewe nyuma ya taa. Ichomoe na uiangalie. Plastiki ikiwa imekuwa ya kahawia au imeyeyuka kidogo, kuna joto, na joto linatoka kwenye mguso mbaya. Badilisha plagi, usiisafishe tu. Shaba ikiwa na unga wa kijani, kata waya nyuma kidogo kidogo mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Wakati mwingine utakata sentimita 10 kabla hujaifikia.

Kisha sehemu zenye msuguano: pale nyaya zinapopita juu ya chuma cha mbele karibu na rejeta, karibu na betri ambako tindikali inadondoka, kwenye tundu la kuingilia ndani ya kabini kama mpira wake umeshadondoka, na chini ya usukani. Taa ikiwa imewashwa, tingisha waya taratibu kipande kwa kipande huku mwenzako akiangalia ukutani. Taa ikicheza, umefika.

Usisahau panya. Pikapu inayolala kando ya ghala la mahindi au maharage ni nyumba nzuri kwao, na wanapenda ngozi ya waya kuliko unavyodhani.

Na halafu kuna viungo vya watu waliopita. Alamu iliyofungwa ikafunguliwa, taa za ziada, redio, waya wa tela. Kila kiungo kilichosokotwa kwa vidole na kufungwa solotepu ni mshukiwa. Wengi huku wanafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kwa msuguano mpira ule ni mzuri, siwezi kuudharau, lakini hauzuii maji, na ukifungwa juu ya kiungo kibovu unakificha tu. Kiungo cha kudumu kinapigwa lehemu au kinabanwa kwa kibanio cha shaba kinachoendana na waya, halafu kinavishwa mpira unaonywea kwa joto.

Balbu za wati 100 na karatasi ya sigara

Taa zikififia, mtu anashauriwa aweke balbu kali, za wati 100. Hebu angalia kinachotokea. Fulu mbili za wati 60 zinavuta ampia 10. Mbili za wati 100 zinavuta karibu 17, kwenye nyaya zile zile za miaka 30, plagi ile ile, swichi ile ile. Volti zinazidi kupotea, plagi inayeyuka, na swichi ya usukani inaweza kuungua. Umeongeza joto, mwanga hujapata.

Kibaya zaidi ni fyuzi. Fyuzi za kuchomeka zinasomeka kwa rangi: nyekundu ni ampia 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Mahali palipoandikwa 15 weka ya bluu, basi. Fyuzi ikiungua porini watu wanafunga karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara au uzi wa shaba. Hapo kazi ya kuungua unaipa wayaringi, na wayaringi unapita chini ya deshibodi, karibu na magoti yako. Pikapu imejaa dizeli, magunia na watu nyuma. Sitaki kuandika habari hiyo.

Ukitaka mwanga zaidi, njia salama ni rilei mbili mpya, moja ya dimu na moja ya fulu. Waya mnene wa milimita 2.5 unatoka chanya ya betri, unapita kwenye fyuzi yake iliyo karibu kabisa na betri, unaingia mguu namba 30 wa rilei, unatokea namba 87 na kwenda kwenye balbu. Plagi ya zamani ya taa inabaki na kazi moja tu, kuamsha rilei kupitia miguu 85 na 86. Kwa rilei ya dimu, funga mmoja kwenye tundu la kuchangia na mwingine kwenye tundu la dimu. Kwa ya fulu, tundu la kuchangia na la fulu. Uzuri wa njia hii ni kwamba inafanya kazi sawa kwenye gari linalokata moto na linalokata bodi, mradi rilei iwe ya kawaida isiyo na dayodi ndani, na balbu sasa zipate bodi yao mpya iliyosuguliwa vizuri. Swichi ya usukani nayo inapumzika, kwa sababu rilei haivuti hata nusu ampia. Kabla ya kazi yote hii, toa kwanza kichwa cha hasi kwenye betri.

Zikizima ukiwa njiani

Kwanza usikanyage breki ghafla, anayekufuata hana habari. Vuta fulu kwa mkono: kama dimu ndo imekufa, fulu inaweza kukusogeza taratibu hadi penye watu. Hakuna fulu? Washa hazadi, toka nje ya barabara kabisa, weka pembetatu.

Angalia fyuzi. Unaweza kuazima ya redio kama ampia zinalingana. Kisha rilei: kwenye magari mengi rilei ya honi au ya kitu kingine ina umbo na namba zile zile, ihamishie kwa taa. Honi utaishi bila yake kwa usiku mmoja. Gusa pia vichwa vya betri, kama kimoja kinazunguka kwa mkono umeshapata mchawi wako.

Kufuata taa za nyuma za gari jingine sio suluhisho, hata kama watu wa huku wanajua vizuri kwa nini hakuna anayependa kulala porini. Yeye akikwepa shimo, wewe unalipata.

Taa zimewaka, sasa zinamulika wapi?

Baada ya kufungua na kufunga taa, mwelekeo unahama. Simamisha gari sehemu tambarare, mita 5 kutoka ukutani, weka dimu. Pima kimo cha katikati ya balbu kutoka chini, weka alama ukutani. Mstari wa juu wa mwanga unatakiwa uwe kama sentimita 5 chini ya alama hiyo. Skrubu za kurekebisha ziko pembeni na juu ya taa.

Lakini fanya hivyo gari likiwa na mzigo unaobeba kila siku. Pikapu ikipakia magunia nyuma inanyanyua pua, na dimu yako inageuka fulu machoni mwa wengine. Kama taa zako ni za gari lililotoka Burundi au Kongo, wanakoendesha kulia, kioo chake kimetengenezwa kunyanyua mwanga upande wa kulia. Huku kwetu huo ni upande wa anayekuja. Skrubu haisaidii hapo, tafuta taa za upande wetu.

Ukiishia kwa fundi, na wengi tutaishia kwa fundi, mwambie umepima nini: gari linakata moto au linakata bodi, volti za betri injini ikinguruma, volti zinazopotea kwenda na zinazopotea kurudi, fyuzi ipi imeungua na mara ngapi. Akimaliza, mwombe akuonyeshe kipande cha waya alichokitoa. Kama badala yake anakuonyesha balbu mpya tu, washa taa, chomeka mita, pima tena mbele yake.